Projekta Nyumbani Lubudi: Kwanza Ukuta, Kisha Rimoti

Katika maduka ya Kolwezi, kwenye rafu zile zile zinazobeba paneli za jua, betri za magari na dekoda za televisheni, siku hizi huonekana visanduku vyeupe vyenye jicho moja la kioo, vilivyotengenezwa Uchina, vikasafirishwa baharini hadi bandari ya Dar es Salaam au Durban, vikavuka mpaka wa Kasumbalesa katika njia ile ile inayopita malori ya shaba, na hatimaye vikatawanyika katika miji ya jimbo la Lualaba nchini Kongo, Lubudi ikiwa mojawapo. Hizo ni projekta za nyumbani. Mtu wa kipato cha kadiri, ambaye televisheni kubwa ni anasa isiyofikika, aweza leo kununua chombo hiki, akakibeba mkobani hadi kwake, akakiweka juu ya meza, akazima taa, kisha akaomba apewe rimoti. Hapo ndipo taabu yake huanza, kwa kuwa ameanza na kitu kilichopaswa kuja mwisho.

Televisheni huja na uso wake. Projekta haina uso. Mwenye kununua televisheni amenunua chombo kamili, ilhali mwenye kununua projekta amenunua nusu tu, na nusu iliyobaki imo nyumbani mwake mwenyewe: ukuta wake, giza la chumba chake, masafa kati ya meza na ukuta, na umeme unaomfikia au usiomfikia. Nusu hiyo haiuzwi dukani, wala hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kuileta. Watu wengi husema projekta zao ni mbovu, picha hafifu, zimepinda, hazisomeki. Nami baada ya kuona nyingi zikiwashwa na kuzimwa nashikilia kwamba aghalabu chombo hakina taksiri, bali nyumba haikuandaliwa kukipokea.

Basi tuanze na ukuta, maana hapa Lubudi ina bahati ambayo miji mingi haina. Mji huu umesimama juu ya mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji tangu zama za Wabelgiji. Chokaa hiyo hiyo, ikichomwa, ikazimwa kwa maji, ikachujwa na kupakwa ukutani, hufanya kiwambo cha picha kisicho na ila kubwa. Sababu yake ni ya maumbile. Rangi ya mafuta, ile ing'aayo, huirudisha nuru upande mmoja kama kioo, hata watazamaji wakaona doa kali la taa katikati ya picha na weusi pembeni. Lakini chokaa ni kavu, haing'ai, na chembe zake hutawanya nuru pande zote kwa usawa, hivyo aliyeketi kando huona sawa na aliyeketi katikati. Fauka ya hayo, chokaa iliyopakwa hunywa hewa ya kaboni iliyomo angani na kurudi polepole kuwa jiwe, kwa hiyo haichakai upesi mahali pasiponyeshewa.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko fedha. Ukuta wa matofali ya udongo una mabonde na vilima visivyoonekana mchana, lakini nuru ya projekta huvifichua vyote, na uso wa mchezaji filamu hupinda unapopita juu ya tofali lililochomoza. Kwa hiyo ukuta upigwe lipu kwanza, usuguliwe ukingali na unyevu kidogo hadi uwe laini, uachwe ukauke barabara, ndipo upakwe chokaa nyepesi mara mbili au tatu, kila koti likikauka kabla ya jingine, maana koti moja zito hupasuka na kubanduka. Mwisho, mwenye kupenda uzuri na achukue rangi nyeusi isiyong'aa, azungushe pambizo la upana wa kiganja pande zote nne za mahali pa picha. Mstari huo humeza nuru iliyopotea pembeni, na jicho, likiona weusi wa kweli umeizunguka picha, hudhani picha yenyewe imezidi kung'aa. Shuka jeupe nalo lafaa, hasa kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta, ila livutwe kama ngozi ya ngoma na kufungwa fito chini, kwa kuwa upepo mdogo tu hulitikisa, na mlima ulioko kwenye picha ukaanza kutembea.

Baada ya ukuta yafuata masafa. Kila projekta ina kadiri yake, nayo huandikwa katika kijitabu: umbali ugawanywe kwa upana wa picha. Ikiwa kadiri hiyo ni 1.3, basi picha ya upana wa meta 2 yataka chombo kikae meta 2.6 kutoka ukutani, wala rimoti haiwezi kuibadilisha hesabu hiyo, isipokuwa kwa kuikata picha. Hapa tamaa huwaponza wengi. Mtu huona kwamba akirudisha meza nyuma picha hukua, akairudisha hadi mlangoni, akapata picha ya upana wa meta 4. Kisha hulalamika kwamba imefifia. Upana umezidi mara mbili, na kimo kadhalika, kwa hiyo nuru ile ile imetandazwa juu ya eneo mara nne, na kila sehemu ya ukuta imepata robo ya ilichokuwa ikipata. Chumba cha kawaida cha Lubudi hakihitaji zaidi ya meta 2, nayo yatosha ukoo mzima.

Kuhusu nuru, sina budi kutoa onyo kwa wanaonunua. Juu ya maboksi huandikwa lumeni kwa maelfu, nao wauzaji huzitaja hesabu hizo kwa fahari, ilhali kipimo cha haki ni lumeni za ANSI, ambazo hupatikana kwa kupima nuru mahali tisa juu ya kiwambo, kuchukua wastani na kuuzidisha kwa eneo. Na mara nyingi boksi lililoandikwa maelfu lina lumeni za ANSI mia chache tu. Vivyo hivyo kwa uwazi wa picha. Boksi laweza kusema kwamba chombo hupokea picha ya 4K, na ni kweli huipokea, lakini kile kinachotoka kwenye jicho lake ni vitone 1280 kwa 720, au pungufu ya hapo. Anayenunua na aulize vitone vya asili vya chombo, na aombe kiwashwe mbele yake, penye kivuli, mchana, kabla ya kutoa hata faranga moja.

Katika nyumba moja ya Lubudi nilishuhudia jambo linaloeleza haya yote kuliko maneno yangu. Kijana mmoja aliiweka projekta ya mama yake mkubwa juu ya meza ya pembeni, akaielekeza ukutani kwa mshazari, kisha akashika rimoti na kuanza kunyoosha picha kwa kitufe cha kurekebisha pembe; na kila alipobonyeza picha ilizidi kusinyaa, juu nyembamba, chini pana, hata ikawa ndogo kuliko dirisha. “Mama mukubwa, telekomande inakatala,” akasema. Yule mama, aliyekuwa akikoroga bukari, yaani ugali, mlangoni, akafuta mikono, akatazama. “Wacha kwanza ile telekomande, papa. Angalia mesa.” Akachukua kipande cha ubao, akakitia chini ya mguu mfupi wa meza, akaisogeza meza yote hadi ikaelekea katikati ya ukuta, na picha ikakaa mraba kabla kitufe hakijaguswa tena.

Mama yule alijua kwa jicho kile ambacho mafundi hujua kwa hesabu. Kitufe cha kurekebisha pembe hakinyooshi nuru. Hutupa sehemu ya vitone na kubana vilivyosalia, kwa hiyo picha hunyooka kwa gharama ya uwazi wake. Chombo kikae sawa, jicho lake likiukabili ukuta uso kwa uso, kimo chake kikilingana na ukingo wa picha kama kijitabu kielezavyo, ndipo kirekebishwe kidogo kama kuna haja. Kadhalika kuyafanya maandishi yawe makali: pete ya jicho izungushwe hadi herufi za katikati zisomeke, kisha chombo kiachwe kipate moto kwa robo saa hivi na pete iguswe tena, maana vioo na plastiki hutanuka kwa joto, na picha iliyokuwa kali saa ya kuanza hulegea filamu ikiwa haijafika mbali. Wanaotundika projekta darini wakiipindua watakuta watu wametembea kwa vichwa. Wasifadhaike, kwani ndani ya mipangilio mna chaguo la kuigeuza picha, na jingine la kuigeuza kushoto kwa kulia kwa wanaotaka kurushia picha nyuma ya pazia.

Kugeuka huko kwa picha si ubovu wa chombo. Chombo kimepinduliwa, nayo picha ikafuata; lakini nuru yenyewe nayo ina tabia ya kugeuza. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufia Misri, aliichunguza nuru ipitayo katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza, akaeleza katika maandishi yake juu ya elimu ya mwanga jinsi miali inavyokwenda moja kwa moja na kupishana tunduni, hata ya juu ikawa chini. Mholanzi Christiaan Huygens, mwaka 1659, akaweka taa nyuma ya picha ya kioo na lenzi mbele yake, na taa ya picha ikazaliwa. Kutoka hapo hadi kisanduku cha dukani Kolwezi mabadiliko ni mengi, lakini msingi haukubadilika: taa, picha, lenzi, giza, ukuta.

Nasi majirani wa Walunda tuna kumbukumbu yetu ya taa hiyo. Mwezi wa Januari 1854, David Livingstone akiwa safarini kuelekea Luanda alifika kwa Shinte, mtawala wa Walunda wa kusini, katika nchi iliyo kusini ya Lualaba ya leo. Alikuwa na taa ya picha, akaionyesha usiku mbele ya baraza. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Na kioo kilipovutwa ili kubadilishwa, wanawake waliokuwa wameketi waliona kisu kile kikiwajia wao, wakapiga kelele wakiita mama zao, wakatimua mbio wakiangukiana, wala hapakuwa na wa kuwarudisha. Shinte hakukimbia. Alikaa hadi mwisho, na baada ya hapo akaomba aione taa yenyewe, akaikagua kwa makini. Wanaolisimulia tukio hili hupenda kuwacheka wanawake wale. Mimi huliona jambo kubwa zaidi katika yule mzee aliyetaka kujua chombo kinafanyaje kazi, kwa maana kwa muda wa karne nzima baada yake watu wa nchi hii walionyeshwa picha bila kuonyeshwa taa.

Taa ilikuwa mikononi mwa wengine. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi na kuwaonyesha sinema ndani ya kambi hizo, kama ilivyowapa shule na zahanati, na filamu walizoziona ni zile zilizopitishwa na wakubwa, kwa kuwa serikali ya Kongo ya Wabelgiji haikuruhusu Mkongo atazame kila filamu aliyotazama Mzungu. Wamisionari nao walitengeneza zao. Kule Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakapendwa na wengi. Na upande wa Tanganyika kulikuwa na jaribio la sinema ya mafunzo lililofanyika Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Aliyelibuni, Mmarekani J. Merle Davis, alikuwa amepata fikra hiyo baada ya kuuchunguza mwaka 1932 ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini na jinsi machimbo yalivyoyageuza maisha ya vijiji. Katika kazi hizo zote mmoja aliwasha, mmoja alichagua, mmoja alizima, naye hakuwa mtazamaji.

Baadaye zilikuja kumbi za video, na huko Dar es Salaam kina Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, wakazisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, jambo lililowarudishia watazamaji sehemu ya mamlaka yao. Projekta ya nyumbani imemaliza sehemu iliyobaki. Mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, watu walibanana mbele ya televisheni ndogo wakiulizana nani ana mpira. Leo mechi ya namna hiyo yaweza kutandazwa ukutani katika lupango, yaani ua wa nyumba, watoto mbele, wazee vitini, na mwenye nyumba ndiye achaguaye. Kwa ajili hiyo nasema kazi ya kusimika chombo hiki ifanywe kwa heshima, isifanywe bora liende.

Sasa umeme, ambao ndio mtihani mkuu. Lualaba si nchi maskini kwa umeme. Mto Lualaba wenyewe umezuiwa Nzilo tangu 1952 na Nseke tangu 1956, na kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, umevutwa waya wa takriban kilometa 1,700 hadi Kolwezi, ukaanza kazi mwaka 1982. Lakini waya huo ulijengwa kwa ajili ya migodi, nao huchukua umeme wa mkondo mmoja wenye nguvu kubwa mno, usioweza kuchotwa njiani bila kituo cha kuugeuza chenye gharama kubwa; ndiyo maana vijiji hulala gizani chini ya minara yake. Naona hilo ni dhuluma kwa wenye nchi, wala sitalisema kwa upole. Lakini maadamu hali ndiyo hiyo, mwenye projekta na ajipange.

Penye umeme wa laini, adui ni kule kukatika na kurudi. Umeme urudipo ghafla huweza kupanda juu ya volti 220 zake kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho huunguza. Chombo kichomolewe mara umeme ukatikapo, kisirudishwe hadi taa za nyumba zitulie dakika chache, na kipite katika stabilaiza. Zaidi ya hapo, mtu ajue projekta yake ni ya aina gani. Zile za balbu ya zamani, zinazotumia wati 200 na zaidi, hupata joto kali, na feni yake lazima iendelee kuvuma baada ya taa kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla joto hubaki ndani na maisha ya balbu hupungua, nayo kwa kawaida ni saa elfu chache tu. Zile za LED hustahimili zaidi, watengenezaji huzihesabia saa elfu 20 au 30, nazo nyingi hazizidi wati 100. Kwa nchi ya mgao wa umeme, LED ndiyo chaguo la busara, hata kama nuru yake ni pungufu.

Pasipo laini, jua latosha. Projekta ya wati 60 ikiwashwa saa mbili hutumia wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya kitabu, lakini ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo tuihesabie 600. Ongeza spika, dekoda, na kile kinachopotea ndani ya inveta, bado filamu moja kila jioni haiimalizi, mradi paneli ipate jua la mchana. Zipo pia projekta ndogo zenye betri ndani, za lithiamu. Ndani ya betri nyingi za namna hiyo mna kobalti, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi hii yetu, Fungurume ikiwa ndani ya wilaya hii hii ya Lubudi. Kwa hiyo yawezekana mtu ananunua kwa bei ya ng'ambo udongo uliochimbwa jirani na shamba la babu yake.

Vumbi ni jambo la kupita haraka lakini lisisahauliwe. Kuanzia Mei hadi Septemba barabara za udongo mwekundu hupeperuka, na feni ya projekta hunyonya hewa bila kuchagua. Matundu yake yasizibwe na mto wala pazia, kichujio chake kipigwe brashi kavu kila juma, na jicho lifutwe kwa kitambaa laini kisicho na maji. Mvua za kwanza nazo huleta kumbikumbi. Wanaoangaza picha uani katika majuma hayo watawaona wakiijia nuru kwa maelfu, wakitua juu ya kioo, vivuli vyao vikubwa kama popo vikipita usoni mwa wachezaji, na mabawa yao yakinyonywa fenini. Heri kungoja juma lipite, au kuingia ndani na kufunga dirisha.

Sauti haihitaji maelezo mengi. Spika iliyomo ndani ya chombo ni dhaifu, itafutwe ya nje. Iunganishwe kwa waya ikiwezekana, kwani sauti ipitayo hewani kwa Bluetooth huchelewa kidogo, na midomo husema kabla ya maneno.

Ndipo tuifikie rimoti, baada ya chombo kukaa, ukuta kuwa tayari, na umeme kutulia. Historia yake ni fupi. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa mwaka 1950 ya kwanza yenye waya, watu wakajikwaa. Mwaka 1955 Eugene Polley akabuni iliyotumia mwali wa nuru, lakini jua likiingia dirishani liliibadilisha televisheni bila ruhusa. Mwaka 1956 Robert Adler akatoa ya mlio usiosikika, isiyohitaji betri. Za leo nyingi hutumia nuru isiyoonekana, ya urefu wa nanometa 940 hivi, ilhali jicho la mwanadamu halioni zaidi ya 700 na kitu. Kitaa kilicho kwenye ncha yake huwaka na kuzimika takriban mara 38,000 kwa sekunde, ili chombo kiitambue nuru hiyo na kuibagua na ya jua na ya moto wa mkaa. Katika mpango utumikao sana, kila kitufe hutoa kwanza jina la chombo kinachoitwa, kisha jina hilo hilo kinyume, kisha amri, kisha amri kinyume. Visipolingana, chombo hukaa kimya. Ndiyo sababu rimoti ya jirani haiamrishi projekta yako, na ndiyo sababu betri dhaifu hufanya chombo kionekane kiziwi: kimesikia nusu ya maneno.

Anayetaka kujua kama rimoti yake i hai na ashike simu, afungue kamera ya mbele, aielekeze ncha ya rimoti kwenye kamera na kubonyeza. Akiona katika kioo cha simu kitone cheupe chenye urujuani kikimetameta, rimoti haina neno, na kasoro itafutwe kwingine: aghalabu kijicho cha kupokea kimefunikwa na vumbi, au kimeelekea ukutani ilhali mtu ameketi nyuma. Katika hali hiyo aelekeze rimoti kwenye picha yenyewe. Chokaa ile iliyorudisha filamu itairudisha na amri. Asipoona kitone, abadilishe betri zote mbili pamoja, asichanganye kuukuu na mpya. Akikuta ukoko mweupe penye ncha za chuma, betri za alkali zimevuja. Asugue kwa pamba yenye tone la siki au ndimu, akaushe vizuri, ndipo atie mpya. Kitufe kimoja kisichosikia huku vingine vikisikia ni dalili ya uchafu chini ya mpira wake, nao hutoka kwa spiriti.

Zipo rimoti zisizotumia nuru bali Bluetooth, hasa za projekta zenye programu kama za simu, nazo kamera haitaona kitu. Hizo lazima ziunganishwe na chombo chake mara ya kwanza, kwa kushikilia vitufe viwili pamoja karibu na chombo mpaka kitaa kiwake na kuzimika. Ni vitufe vipi, kijitabu kitasema, kwa hiyo kijitabu kisitumiwe kuwashia mkaa. Rimoti ikipotea kabisa, simu nyingi huweza kuishika kazi yake kwa programu ya mtengenezaji, na vitufe vilivyo juu ya chombo chenyewe vipo kwa siku hiyo.

Filamu ikiisha, kitufe cha kuzima hubonyezwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza chombo huuliza na mara ya pili mtu huthibitisha. Feni itaendelea kuvuma. Iachwe ivume hadi inyamaze yenyewe, ndipo waya uchomolewe, kifuniko kirudishwe juu ya jicho, betri za rimoti zitolewe kama chombo hakitatumika mwezi mzima, na vyote vifungwe ndani ya kitambaa kimoja, juu ya kabati, mbali na jikoni.